Kufundisha Maji Maji sekondari: kitabu, tamthilia, makumbusho au wazee?

Mwalimu wa Historia anayefika kwenye mada ya Maji Maji, vita vya wenyeji wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani, huwa na vipindi vichache, darasa lililojaa na mtihani wa taifa unaomsubiri. Njia zilizo mbele yake kwa kawaida ni nne: kufuata kitabu cha kiada, kusoma tamthilia au utenzi, kuwapeleka wanafunzi kwenye eneo lenyewe la kumbukumbu, au kuwatuma kwa wazee wao wakakusanye masimulizi. Nimezitumia zote, na ninayo ninayoipendelea. Hapa nazilinganisha kwa kipimo kimoja: ni ipi inayomfikisha kijana kwa wenyeji waliopigana vita ile, akaiona walivyoiona wao badala ya kuishia kwenye taarifa ambazo gavana von Götzen alizipeleka Berlin. Mambo ya nauli, muda na mtihani nayo yana uzito wake, nitayagusa.

Kitabu cha kiada

Kitabu kinatoa mpangilio, na mpangilio si jambo dogo. Mwanafunzi anajua vita vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Umatumbi, vikaenea sehemu kubwa ya kusini hadi Ungoni na Mahenge, vikazimika 1907. Anajua kodi ya rupia tatu, shokoa (kazi za kulazimishwa), ukatili wa maakida waliowatumikia Wajerumani, na mashamba ya pamba yaliyoamriwa kuanzia 1902. Mtihani unauliza hayo hayo, kwa hiyo mwalimu anayekidharau kitabu anawaumiza watoto wa watu.

Shida inaanza kwenye ile orodha ya sababu za kushindwa: silaha duni, kukosa umoja, kuamini maji. Kijana akishaikariri, picha inayobaki kichwani mwake ni ya watu waliodhani risasi itageuka maji. Darasa linacheka. Nimekisikia kicheko hicho mara nyingi, na wanaocheka ni vitukuu vya watu wale wale. Kitabu kinapoiweka imani yao kwenye fungu la makosa, kimeshamwamulia mwanafunzi asimame upande gani.

Kuna na suala la lugha. Kwa miaka mingi historia ya sekondari imesomwa kwa Kiingereza, na mtoto wa kidato cha pili anameza aya asizozielewa ili azitapike kwenye karatasi ya mtihani. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala mpya na kufundishwa kwa Kiswahili, limefungua mlango. Ninalichukulia kama nafasi ya kufanya kazi ambayo haikuwezekana mwanzo, kwa sababu sasa maneno ya bibi yanaweza kuingia kwenye daftari la somo bila kubadilishwa sura.

Na hata ukibaki na kitabu peke yake, kuna mahali unaweza kuchimba. Chukua pamba. Usiishie kusema "kilimo cha lazima". Eleza kwamba kila eneo la jumbe, yaani mkuu wa kijiji, lilitakiwa kuwa na shamba lake, watu wakaitwa kulilima kwa zamu, na kazi ya pamba ikagongana na kazi ya mashamba yao ya chakula. Malipo ya mwanzo yalikuwa senti 35 kwa kazi ya mwaka, na wapo waliokataa hata kuzipokea. Kisha uliza darasa: kwa nini kitendo cha kwanza kule Nandete, Umatumbi, kilikuwa kung'oa miche ya pamba, wasianze kwa kushambulia boma? Swali hilo halimo kwenye orodha ya kitabu, lakini wanafunzi wanaotoka kwenye nyumba za wakulima wanalijibu haraka kuliko mwalimu.

Tamthilia na utenzi

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969, imewafikia Watanzania wengi. Inasomeka kwa vipindi viwili, wanafunzi wanagawana sehemu, na kijana aliyekuwa anasinzia anaamka. Ila mwandishi mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji, alivyokuwa. Darasa lisipoambiwa hilo tangu mwanzo, utakuta maneno ya jukwaani yananukuliwa kwenye insha kama ushahidi.

Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ni kitu kingine kabisa, maana ulitungwa na mtu wa zama zile zile. Ni sauti ya Mwislamu wa Lindi, mtu wa mjini na pwani, na haukutungwa kuwasifu wapiganaji. Hapo ndipo thamani yake ilipo darasani. Unamwonyesha mwanafunzi kwamba Waafrika hawakuwa na mtazamo mmoja: waliokuwa Lindi mjini waliogopa mambo ambayo waliokuwa Umatumbi waliyatamani. Tatizo ni Kiswahili chake. Beti chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha, ukizidisha unawapoteza.

Njia hii ninaipa nafasi ya kiungo. Peke yake haitoshi.

Makumbusho na maeneo ya kumbukumbu

Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji yapo Songea mjini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi wa Wangoni, na waliouawa wanatajwa kuwa 67. Wamezikwa kwenye kaburi la pamoja, na Nduna (kiongozi wa vita wa Kingoni) Songea Mbano, ambaye mji ulichukua jina lake, ana kaburi lake pembeni. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na familia bado inakidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo na kuomba msamaha kwa yaliyofanywa na nchi yake.

Ukiwa darasani, hayo ni maelezo. Ukiwa pale, mwanafunzi anasoma jina moja baada ya jingine, na kwenye shule za Ruvuma hutokea mmoja akasema "hili ni la ukoo wetu". Mbano, Gama, Tawete: haya ni majina yanayoitwa asubuhi kwenye mahudhurio. Hakuna kitabu kinachofanya hivyo. Halafu kuna Nkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi na aliyehusika kuyaingiza maji Ungoni, naye akanyongwa. Wasichana huuliza habari zake kwa muda mrefu kuliko za wanaume wote, na mwalimu ajiandae.

Gharama ndiyo kikwazo. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Kukodi gari, chakula na malazi ya darasa zima, shule nyingi za kata haziwezi hata kufikiria. Kwa shule ya Songea, Namtumbo au Peramiho, lakini, kutokwenda hakuna udhuru. Ushauri mmoja: epuka wiki ya maadhimisho ya Februari. Ni siku nzuri ya ngoma na heshima, watoto waione wakiwa na wazazi wao, lakini kwa kujifunza kunakuwa na hotuba na msongamano, na mhifadhi hana nafasi ya kujibu maswali ya kidato cha tatu.

Kuna pia kikomo cha kimtazamo ambacho wengi hawakitaji. Songea inasimulia vita kupitia manduna na machifu wa Kingoni, jamii iliyokuwa na utawala na majeshi yake. Umatumbi hakukuwa na ufalme. Vita vilianza kwa wakulima wa kawaida, na habari ilisafiri kwa kunong'onezana kutoka kijiji hadi kijiji. Mwanafunzi aliyefika Songea tu atadhani Maji Maji ni vita vya machifu. Kwa shule za Kilwa na Rufiji, kwenda Nandete penye mnara wa kumbukumbu, au Mohoro ambako Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, ni karibu zaidi na ni kweli zaidi kwa historia ya kwao.

Wazee

Hii ndiyo njia ninayoitetea, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ina mizizi mizuri. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walitumwa kwenye maeneo ya kwao kukusanya masimulizi ya Maji Maji kutoka kwa wazee, wengine walioiona vita kwa macho yao. Mengi tunayoyajua leo kuhusu vita hii kutoka upande wa wenyeji yalipatikana kwa njia hiyo. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi ripoti za maofisa wa Kijerumani na barua za wamisionari.

Habari za Kinjikitile zinaonyesha tofauti. Kitabu kinasema alikuwa mganga aliyegawa maji. Masimulizi yanasema pepo aitwaye Hongo alimchukua, akaingia kwenye dimbwi la maji watu wakiona, ndugu zake wakamtafuta bila mafanikio, na kesho yake akatoka mzima, nguo zikiwa kavu, akaanza kusema mambo ya kutabiri. Na yanasema zaidi: kwamba watu walikuwa tayari na desturi ya kwenda kwenye mzimu wa Bokero, kwenye mto Rufiji, kuomba mvua na mavuno. Maji, mtama, mafuta ya mbarika: hivyo ni vitu vya shamba na vya uzima kabla havijawa vya vita.

Ukilifundisha hivyo, kicheko kinaisha. Darasa linaelewa kwamba watu walichukua kitu walichokiamini kwa ajili ya shamba na watoto wao, wakakipeleka pale shamba na watoto walipokuwa wanaangamizwa. Mwanafunzi atauliza, "Mwalimu, kweli alitoka mkavu?" Mimi hujibu kwamba kazi yetu ni kujua waliokuwepo walisema nini na kilichowafanya watembee siku kadhaa kwenda Ngarambe. Wengi walitembea, na hilo halina ubishi.

Jambo la pili ambalo wazee wanalitoa na kitabu hakilitoi ni njaa. Kwenye kitabu njaa ni athari namba tatu au nne. Kwenye simulizi za familia mara nyingi ndiyo vita yenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi na maelezo ya bibi yake, aliyoyapata kwa bibi yake naye, na ndani yake hapakuwa na risasi wala Mjerumani hata mmoja. Palikuwa na ghala lililochomwa, na watu waliokula mbegu walizokuwa wameziweka kwa msimu ujao. Mvua ikanyesha, hakuna cha kupanda. Wakaenda porini kuchimba ming'oko na mizizi mingine, na ile yenye sumu walilazimika kuiloweka kabla ya kula. Asiyeweza kusubiri alikufa. Msichana alisoma hayo mbele ya darasa kwa sauti ya kawaida kabisa. Baada ya hapo nilipoandika ubaoni takwimu za Wajerumani, watu 75,000 waliokufa, na makadirio ya wanahistoria wa baadaye, kati ya 250,000 na 300,000, darasa lilijua lenyewe tofauti imetoka wapi. Kuchoma vyakula ilikuwa mbinu ya jeshi. Wengi walikufa bila kuwahi kumwona askari kwenye uwanja wa mapigano.

Sasa udhaifu wake, maana upo na si mdogo.

Hakuna tena aliyeiona vita. Tunazungumza na wajukuu na vitukuu. Kwa hiyo usiwatume watoto wakaulize "vita vilianzaje?", watarudi na majibu ya kitabu, kwa sababu mzee naye amesoma shule, amesikia redio, amehudhuria sherehe. Waulize mambo ambayo familia pekee ndiyo inayajua: ukoo ulihamia hapa kutoka wapi na kwa nini, ni nani alikimbilia Msumbiji, kilima kile kinaitwaje na kwa sababu gani, walikula nini mwaka wa njaa, kuna kaburi lisilojulikana la nani. Na kila jibu lifuatwe na swali moja la lazima: "Wewe ulihadithiwa na nani?" Jibu la swali hilo liandikwe pembezoni mwa ukurasa. Hapo kijana anajifunza kazi ya mwanahistoria kuliko kwa ufafanuzi wowote wa vyanzo vya historia.

Udhaifu wa pili: kila ukoo unajisifu. Na kuna mambo hayasemwi. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani, waliosema Kiswahili kama hiki ninachoandikia. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa Waafrika. Wahehe, waliokuwa wamempiga Mjerumani pale Lugalo mwaka 1891, safari hii walikuwa upande wake. Darasani unaweza kuwa na mtoto wa kila upande. Nimejifunza kuyasema haya mapema, kabla ya watoto kwenda kwa wazee, na kwa maneno ya wazi: hakuna anayebeba hatia ya babu wa babu yake, na hakuna simulizi itakayochekwa. Ukiliacha lijitokeze lenyewe, litajitokeza kama matusi ya makabila.

Tatu ni utaratibu. Barua ya mkuu wa shule kwa mtendaji wa kijiji itangulie. Wanafunzi waende wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Shikamoo kwanza, habari za shamba na afya, na siku ya kwanza inaweza kuisha hapo bila kuuliza lolote. Simu isirekodi kabla mzee hajaridhia. Kilo ya sukari au sabuni si rushwa, ni adabu ya kutokwenda kwa mkubwa mikono mitupu. Mzee akisimulia kwa Kimatumbi, Kipogoro au Kingoni, maneno yake yaandikwe hivyo kwanza, tafsiri ifuate chini. Na nakala irudishwe kwake au kwa watoto wake. Jambo hili la mwisho walimu wengi hulisahau, na mwaka unaofuata mlango unakuwa mgumu kufunguka.

Kwa muda, kazi hii inakula wiki tatu hadi nne, ingawa ndani ya darasa haizidi vipindi vitatu. Mengine yanafanyika mwisho wa wiki au likizo fupi.

Uchague ipi?

Shule yako ikiwa Lindi, Mtwara, Rufiji, Kilwa, Ulanga, Malinyi au Njombe, anza na wazee, kitabu kifuate. Mpangilio huo una maana. Mwanafunzi aliyekwisha kusikia habari za ghala lililochomwa anaisoma orodha ya kitabu akiwa na maswali. Aliyeanza na orodha anakwenda kwa bibi kutafuta uthibitisho wa alichokariri. Ukiwa na vipindi sita, kimoja kiwe cha maandalizi na maadili ya kuhoji, viwili vya kusikiliza yaliyoletwa, kimoja cha beti chache za utenzi kama sauti inayopingana, viwili vya kitabu na maswali ya mtihani.

Ukiwa Songea na jirani zake, fanya vyote viwili, makumbusho baada ya wazee. Watoto wakifika wakiwa na majina waliyoyapata nyumbani, ziara inakuwa kazi ya kutafuta.

Shule ya bweni yenye wanafunzi kutoka kila mkoa ina ugumu wake, kwani wazee wa jirani si wazee wao. Hapo tamthilia inasaidia kuwaweka pamoja, na kazi ya masimulizi wapewe wakati wa likizo, kila mmoja kwao, si lazima iwe ya Maji Maji.

Hilo linanipeleka kwa walimu wa mikoa ambayo vita hivi havikufika. Tafadhali msilazimishe. Mtoto wa Moshi ana Mangi (mtawala wa Kichaga) Meli, aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na ambaye kichwa chake familia inakitafuta hadi leo. Wa Iringa ana Kalenga, penye fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 baada ya kutajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Maji Maji wasome kwa kitabu na utenzi, na nguvu ya wazee itumike kwenye historia ya hapo walipo. Kijana aliyehoji wazee wa kwao kuhusu Meli ataisoma Maji Maji kwa jicho tofauti, hata kama hajawahi kufika kusini ya Mto Rufiji.

Na mwalimu wa kidato cha nne aliyebakiwa na wiki chache kabla ya mtihani, ashike kitabu bila kuona haya. Ninachomwomba ni kipindi kimoja. Aandike ubaoni 75,000 upande mmoja na 300,000 upande wa pili, awaulize wanafunzi nani alihesabu, alihesabu akina nani, na akina nani hakuwahesabu, kisha awaache waandike majibu yao kwa Kiswahili kabla ya kurudi kwenye maswali ya marudio.